Sukari ya Kiganjani

Miaka ile sukari ilipoadimika madukani Karatu, kwetu haikuingia tena kwenye chai. Mama alikutilia kiganjani, kidogo tu, ukalamba na kushushia na chai ya rangi. Ukilamba yote kwa pupa, shauri yako. Mimi nilikuwa mtu wa pupa. Dada aliibana yake mpaka funda la mwisho, kisha akanionyesha ulimi.

Iliyobaki mama aliifungia kwenye sanduku la bati, ufunguo ukining'inia shingoni pake kama rozari.

Basi ticha wa Kiingereza akaandika ubaoni maneno mawili, thrifty na stingy, akataka sentensi. Nikasimama: "My mother is stingy." Darasa likavunjika mbavu. Akauliza kwa nini, nikamsimulia habari za viganja.

"Thrifty anabana ili siku ya kutoa awe nacho," akasema. "Stingy hata siku hiyo ikifika anabana. Ya mama yako imeshafika?"

"Bado, mwalimu. Ni Jumamosi."

Jumamosi wangekuja watu wa Endamarariek kumposa dada. Wiki nzima alikuwa hali, hofu yake ni aibu. "Mama, na wageni nao watalamba?" Mama aliendelea kuchambua maharage. Nikamwambia dada asijali, wasiojua nitawafundisha. Akanirushia mwiko.

Siku yenyewe mama alipika chai peke yake, mlango wa jikoni ameufunga. Dada akaingia sebuleni na birika. Akamimina. Bakuli la sukari halikuonekana popote. Mshenga, mzee wa watu, akatazama kikombe, kisha taratibu akanyoosha kiganja. Kumbe na kwao wanalamba.

Dada akainamisha kichwa.

"Shusha mkono, baba," mama akasema. "Leo imo humohumo."

Mzee akanywa, akasita, akanywa tena. Akamgeukia mwenzake: "Hapa tumefika."

Sanduku likabaki tupu, tukanywa chai chungu mpaka tukazoea. Baada ya mavuno dada akaolewa.

Siku hizi sukari ya kulamba ipo tena, ila tumebaki wawili. Jioni mama hunitilia mimi, akajitilia yeye, kisha kijiko kinazama tena kabla hajakumbuka. Anasita nacho hewani. Hapo nanyoosha kiganja cha pili, cha dada.

"Mjinga wewe," anasema, na ananitilia.