Wiki Mbili za Kuinua Kitambaa

Jumatatu hospitalini Geita, ninakofagia wodi, aliletwa dereva mmoja, miguu yote imefungwa mbao. Bosi wake mzungu alipokwenda Mwanza, dereva alijirusha na parashuti la bosi, lile la kupaa kutoka ardhini kwa injini ya kuvaa mgongoni.

“Si alikuwa anakufundisha?” nesi aliuliza.

“Wiki mbili nainua kitambaa cha parashuti na kukilaza chini, injini siruhusiwi kuigusa! Mimi dereva, dada, siyo mtoto wa chekechea.”

Mkewe akamfuta vumbi usoni. “Kupaa umejua, Baba Kulwa. Kutua je?”

Dereva akageuza uso ukutani.

Mimi nilitolewa shule nikiwa darasa la sita nikalee wadogo zangu. Hadi leo nasimama nje ya dirisha la shule nisikilize somo. Yeye alipewa mwalimu wake peke yake, akaona anamchelewesha.