Figo Nililompa Mdogo Wangu na Karatasi Niliyoificha

Nimekosa. Nalisema mapema ili usisome huku ukisubiri nijitetee. Jina langu silitaji na majina ya ndugu zangu nimeyabadilisha, lakini walionizoea huku Bunju watanijua tu. Wanijue.

Mie ndiye niliyemtolea mdogo wangu figo. Na mie ndiye niliyekaribia kuliua.

Kwanza ujue anayeongea nawe ni nani. Niliondoka na begi moja la mgongoni nikaenda Maskati, nikawa nabeba viyoyozi vya watu begani ghorofa hadi ghorofa. Mchana nabeba, jioni nasoma, mpaka nikapata diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Hakuna mjomba wala shangazi aliyenishika mkono. Nikarudi, nikajenga, nikafungua karakana kando ya barabara ya Bagamoyo. Mtaani wananiita Injinia, na mie siwasahihishi.

Mdogo wangu Bakari anauza maharage na mchele soko la Tandale. Presha ilimla figo zote mbili kimyakimya, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine kila wiki. Tulipopimwa ndugu wote, aliyelingana naye nikawa mie. Nikatoa. Hilo silijutii wala sitalijutia.

Ninachojutia ni kwamba nilitoa halafu nikaendelea kulishika.

Harusini, msibani, kwa kinyozi, nilikuwa nafunua shati naonyesha kovu. Nilikuwaga nasema hilo figo limetoka Maskati, limezoea joto, Tandale haiwezi kulisumbua. Watu wanacheka, Bakari naye anacheka. Hata nikimpigia simu sikuwa namuuliza "hujambo?" Nilikuwa nauliza "halijambo?" Jamani! Mtu mzima, ana mke na mtoto, namjulia hali kama nimemkodisha pikipiki.

Sasa, Bakari zamani alikuwaga mnywaji. Si sana, lakini kwa familia ya Kiislamu kama yetu hata chupa moja ni habari. Aliacha alipoanza kuumwa. Kila mtu aliamini ameacha isipokuwa mie.

Wiki ya sita baada ya upasuaji nikaanza kuona mambo. Tumbo la chini upande wa kulia, palepale walipoliweka figo, limetuna. Mguu wa kulia umevimba mpaka kandambili inaacha alama. Na mkojo ndiyo usiseme, nusu saa haimpiti. Nilipomuuliza akasema kuna kitu kinambana huku chini, kama amekalia mpira. Nikamwambia kinachombana ni bia.

Katika kazi yangu, mteja akija kulalamika kwamba kiyoyozi kipya hakipoozi, mara nyingi kosa ni lake. Kaacha madirisha wazi, kabonyeza ovyo. Kifaa nilichofunga mie hakifi bila mtu kukichezea. Ndivyo nilivyomfikiria ndugu yangu. Kifaa ni kizima, mbovu ni mtumiaji.

Nikaweka mpelelezi. Ndiyo, nimesema mpelelezi! Muuza dagaa jirani yake sokoni nilimwomba anitazamie, naye akaniletea habari kwamba Bakari anaingia glosari, baa ile ya nyuma ya soko, mara tatu, mara nne kwa siku, wala hakai. Nikasema basi, kwisha. Anapiga moja ya haraka anatoka.

Tukaenda kliniki pamoja. Dokta, dada mmoja mpole ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, akaona kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo kimepanda kupita kiasi. Akamgusa Bakari tumboni, akaandika karatasi ya picha ya ultrasaundi. Akasema ipigwe leo hii, ikishindikana sana basi kesho. Bakari alikuwa ameshakwenda msalani, kwa hiyo karatasi nikaipokea mie.

Nikaikunja, nikaitia mfukoni.

Bakari aliporudi nikamwambia foleni ya picha imejaa, tumepangiwa baada ya wiki mbili. Uongo mtupu. Nilitaka nimweke kwangu Bunju wiki hizo mbili chini ya macho yangu, mbali na glosari, kipimo kishuke chenyewe, nimrudishe kwa dokta nimwambie tatizo nililijua siku nyingi. Karatasi ikaenda droo ya karakana, chini ya vipande vya bomba la shaba.

Akahamia kwangu, nikawa nampimia maji kwa jagi. Nilinusa kikombe chake. Mkewe, Mwanaidi, akija kumtazama nampekua mkoba getini. Dada wa watu alikuwa anaufungua mwenyewe bila neno: kanga, dawa, chupa ya uji wa ulezi. Nikanusa na uji!

Siku zikapita. Hakunywa tone, na mguu ukazidi kuvimba. Mwenye akili angeshtuka hapo. Mie nikazidi kushuku. Kama hanywi mbele yangu, basi analetewa kwa njia nisiyoijua.

Siku ya tisa nikaitisha kikao sebuleni kwangu, baada ya swala ya Ijumaa. Alikuwepo mama, mjomba wetu, Mwanaidi na Bakari mwenyewe. Nikataja yote kama karani wa mahakama: tumbo, mguu, mkojo, kipimo, glosari. Bakari aliinuka mara tatu kwenda msalani, na kila akiinuka namwambia mama, "Unaona?" Mama akaanza kulia, akamsihi mwanawe aseme ukweli yaishe.

Aliyenijibu ni Mwanaidi. Macho chini, sauti ya kawaida kabisa.

"Shemeji, wewe ndiye uliyesoma, hebu nielimishe. Pombe huwa inachagua mguu mmoja?"

Mjomba akakohoa kuficha kicheko. Mie nikamwambia Mwanaidi kwamba anamfichia mumewe, na siku akimzika asije kunililia.

Bakari alikuwa amesimama mlangoni, kasikia yote.

"Glosari naenda kukojoa, Kaka," akasema. "Choo cha soko kiko mbali, sifiki. Yule mama mwenye glosari ananionea huruma. Na kama hilo figo linakuuma sana, twende wakalitoe, ulichukue."

Akainama kuvaa viatu. Cha kushoto kikaingia. Cha kulia akakijaribu mara mbili, kikakataa, akakishika mkononi. Wakatoka hivyo getini, yeye na mkewe, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi. Sikuwafuata.

Siku ya tatu baada ya kikao mama akanipigia. Mwanaidi amempeleka hospitali mwenyewe, mkojo umekuwa wa matone. Nilipofika picha ilikuwa imeshapigwa. Dokta akanionyesha kwenye kioo. Figo langu lile, la kijivu, dogo kuliko nilivyolifikiria, limesukumwa pembeni. Kando yake dimbwi jeusi, kubwa kuliko figo lenyewe.

Utaamini kwamba hata hapo niliuliza kama pombe inaweza kufanya vile? Nikauliza!

Dokta hakunicheka. Akanieleza kwamba mwilini kuna mirija midogo sana, myembamba kama uzi, inayopitisha maji maangavu yanayoitwa limfu. Unapopandikiza figo lazima baadhi ikatwe. Mara nyingi inaziba yenyewe. Kwa wengine inaendelea kuvuja, maji yanatafuta uwazi kando ya figo, yanajaa, yanajenga ukuta kama puto. Puto likikua linabana kibofu, ndiyo mkojo wa kila saa. Linabana mshipa wa mguu wa upande ule, ndiyo mguu mmoja. Mwisho linabana mrija wa mkojo wa figo lenyewe, na figo linaanza kuzidiwa.

"Mgonjwa hajakosea kitu," akasema. "Ni kuvuja tu."

Kuvuja! Somo la kwanza kabisa katika fani yangu, kabla ya diploma, kabla ya kushika hata spana: mashine isipopooza, paka povu la sabuni kwenye maungio uone panapovuja. Nawafokea mafundi wangu kila siku kwa hilo. Mie mwenyewe, kwa ndugu yangu, maungio sikuyaangalia. Nilinusa kikombe.

Walimchoma sindano ndefu huku wanaangalia kwenye ultrasaundi, wakavuta maji yale wakayapima. Yangekuwa mkojo, ingekuwa habari nyingine. Hayakuwa mkojo. Ni limfu, maangavu, ya manjano kidogo kama chai iliyochujwa mara ya tatu. Wakamwachia mrija mwembamba, ukatiririka siku kadhaa. Walipoutoa, puto likajaa tena. Ikabidi arudi upasuaji. Kwa matundu madogo wakalikata puto dirisha, maji yamwagikie ndani ya tumbo ambako mwili unayanyonya wenyewe.

Asubuhi ya upasuaji huo ndipo lilipotokea jambo lililonifanya niandike. Dokta alisimama kitandani na faili. Mama yupo, Mwanaidi yupo, mie niko upande wa miguuni. Akafunua kurasa, akasoma tarehe, akauliza ile picha aliyoiandika kliniki kwa nini haikupigwa siku ile, kwa sababu figo limekaa limebanwa bure siku zote hizo.

Mwanaidi akanitazama. Alikuwa ameshajua, maana hospitali walimwambia foleni ya wiki mbili haikuwepo kabisa. Nikafungua mdomo, nakwambia, neno halikutoka. Mie ambaye naongea harusini mpaka ninanyang'anywa kipaza sauti!

"Niliipoteza mimi, dokta," Bakari akasema. "Nilipuuzia."

Dokta akamsema, mbele yetu sote, kwamba figo la mtu halichezewi, kwamba kuna wagonjwa wanalitafuta maisha yao yote hawalipati. Bakari akaitikia kwa kichwa, akaomba radhi. Mie nikaangalia viatu vyangu.

Figo linafanya kazi, alhamdulillahi. Lakini kipimo hakijarudi pale kilipokuwa mwanzo, na dokta hasemi kama kitarudi. Kwenye faili la mdogo wangu pameandikwa kwamba mgonjwa hakufuata maelekezo. Nimepaona kwa macho yangu. Mtu aliyepimiwa maji kwa jagi!

Karatasi ninayo. Nimeitoa kwenye droo, imejaa vumbi la shaba. Jumanne ni kliniki yake, nitaipeleka kwa dokta na kusema kilichotokea. Nimeanza kwenu kwa sababu sijawahi kusema mbele ya mtu kwamba nimekosea, nataka mdomo ujifunze.

Wewe unayemuuguza mtu aliyetoka kupasuliwa, nisikilize. Akikwambia panambana, pameuma, pamejaa, usimpime kwa tabia zake za zamani. Uvimbe unaotokea karibu na kidonda, au mguu wa upande mmoja, mrudishe kwa waliompasua siku hiyohiyo. Akiandikiwa kipimo, mpe karatasi yake mkononi. Na kama ulimpa chochote, kiwe figo, damu au nauli ya hospitali, usimfanye alipe kwa kukuvumilia.

Siku hizi nikimpigia Bakari nauliza, "Hujambo?"

"Halijambo, Kaka," ananijibu, na kukata simu.