Nyumba ya Mama Pacha kwa Jina Langu

Siku ile tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kike anayenifuata, kitinda mimba wetu wa kiume, mwenyekiti wa kijiji, Mheshimiwa mbunge, katibu wake aliyeshika simu ya kupigia picha, na jirani yetu Mama Pacha, ambaye hakuna aliyemwita. Wananzengo wengine, majirani wa kijijini, walisimama nje ya uzio wa minyaa. Baba na mama walikuwa wamelala makaburini nyuma ya nyumba tangu mwaka niliokuwa kidato cha kwanza. Mwaka huohuo niliacha shule nikaanza kuuza mchele Katoro, ili hawa wawili wasome.

Mheshimiwa alikuja kutazama nyufa. Mgodi ukilipua baruti mchana, vyombo hucheza kabatini na kuta zetu za tofali mbichi hupasuka. Kubomoa na kujenga upya tulikatazwa, maana tulikuwa ndani ya bikoni, mawe ya mpaka wa mgodi, na yeyote anayejenga ndani ya bikoni huitwa mtegeshaji, mtu anayevizia fidia. Kwa hiyo tuliishi tukitazama mwanga wa jua ukipita ukutani, tukisubiri ama tulipwe tuhame, ama paa lituangukie.

Mwenyekiti alikuwa amependekeza nyumba yetu iwe mfano Bungeni. Jambo hilo lilininyima usingizi. Nyumba zilizopasuka zilikuwa nyingi, kwa nini yetu? Nilijua jibu. Yatima wanapendeza kwenye picha. Na Mheshimiwa tulikuwa hatujamwona tangu alipokuja kuomba kura.

Nilirudi kutoka Katoro asubuhi ile nikiwa kwenye bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nilipoingia uani nikasimama. Kuta zilikuwa laini kama sahani. Mdogo wangu wa kike alikuwa amesiriba nyumba nzima, ndani na nje, kwa udongo na mavi ya ng'ombe, akamalizia na majivu chini. Hapakuwa na ufa hata mmoja.

"Umefanya nini?"

"Dada, mgeni mkubwa anakuja. Ulitaka akute nyumba ina makovu?"

Mama ndiye aliyetufundisha hivyo. Mgeni akitarajiwa, nyumba inasiribwa.

Gari likafika kabla sijapata akili. Tuliamkiana, Mheshimiwa akaitikia shikamoo zetu zote bila kututazama usoni, akazunguka nyumba. Akazunguka tena. "Mwenyekiti, nyufa ziko wapi?"

"Zilikuwepo, Mheshimiwa."

"Labda zimetangulia Dodoma!" mtu akapaza sauti kwenye minyaa. Watu wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. Alinisogelea akanong'ona, "Binti, watu wa mgodi wamepita hapa? Wamekupa nini?" Nikaona kwamba hata mimi nashukiwa.

Mdogo wangu wa kiume akachukua jembe ili aubandue udongo. Katibu akamzuia. "Acha. Picha ya ukuta uliochokonolewa leo watasema mmeuvunja wenyewe. Mtaitwa wategeshaji."

Hapo ndipo Mama Pacha aliposema, "Njooni kwangu."

Nyumba yake na yetu zinagusana uani, uzio ni mmoja. Sikuwahi kumwamini. Mmoja wa wanawe pacha ni mlinzi kwenye geti la mgodi, na niliamini kila tunalosema linafika getini kabla ya jioni. Tukamfuata hata hivyo. Chumbani, mumewe alikuwa kitandani. Kifua kilimharibikia akiwa mchimbaji kwenye maduara, mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Juu ya kichwa chake ufa ulipanda mpaka kwenye kenchi, unaingiza kiganja. Katibu akamwomba mzee ageukie upande wa pili ili asionekane. Mzee akajifunika shuka usoni, akatulia kama maiti mpaka picha ilipokwisha.

"Basi zitaje zote mbili," Mama Pacha alisema. "Yangu na ya hawa watoto."

"Mama, swali la nyongeza ni fupi. Spika hanipi nafasi ya kusimulia nyumba mbili."

"Basi taja ya watoto, kwa picha hiyohiyo. Yatima wana uzito kuliko mzee anayekohoa."

Mheshimiwa akafurahi. Mimi nikamtazama yule mama na kujiuliza anataka nini. Watu hawatoi ukuta bure.

Bunge tulilitazama kwenye simu ya mwenyekiti, tumebanana dukani kwake. Mheshimiwa alisimama akamshukuru Spika, akasema kuna yatima watatu wanaolala chini ya ukuta huu, na picha atampatia Waziri. Je, Serikali iko tayari kupeleka wataalamu? Naibu Waziri akajibu kwamba wataalamu watafika kabla ya mvua.

"Mvua ya mwaka gani?" aliuliza kijana wa bodaboda.

Walifika baada ya mvua. Kwetu udongo ulikuwa umebanduka wenyewe na nyufa zote zimerudi, zikaandikwa. Kisha mtathmini akaingia kwa Mama Pacha. Akatazama ukuta, akatazama simu yake, akatazama ukuta.

"Hii ndiyo picha iliyokwenda Bungeni. Imeandikwa nyumba ya yatima. Nyumba hii ya nani?"

Mwenyekiti alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kama Bunge limedanganywa, nafunga faili. Kijiji kizima nakirudisha kwa wakubwa."

Nilifungua mdomo niseme ni yake. Mama Pacha akanitangulia. "Ni ya marehemu baba yao. Mimi na mgonjwa wangu wametuhifadhi tu. Si unaona uzio ni mmoja?"

Mtathmini akanigeukia. "Ni kweli, dada?"

Wadogo zangu wote wawili walikuwa wananitazama. Nikasema ni kweli. Akaandika nyumba zote mbili kwa jina langu.

Jioni nilimfuata jikoni kwake. "Mama, kwa nini?"

"Wangetufuta wote, ng'wanawane, mwanangu. Afadhali kijiji kibaki ndani ya faili."

"Fidia ikija nitakupa yako."

"Haya," alisema, akaendelea kusonga ugali. Hakuniapisha. Hakuita shahidi. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko kama angedai.

Mzee alifariki kabla ya fidia kutajwa tena. Msibani kaka zake walikuja kutoka Kharumwa, wakasikia nyumba ya ndugu yao inasomeka kwa jina la binti wa jirani. Mmoja alinifuata nikiwa nachota maji ya kunawisha wageni. "Wewe ndiye uliyemnyang'anya mjane nyumba?"

"Nyumba ni yake."

"Basi kaseme wilayani."

Nilikwenda, nikarudi vilevile. Nilikwenda pia ofisini kwa mbunge, nikakaa kwenye benchi mpaka katibu akanikumbuka. Aliniambia Mheshimiwa hawezi kusimama tena Bungeni kusema picha yake haikuwa ya yatima. "Mtafutwa nyie, na yeye ataaibika. Tulia, dada. Fidia ikitoka mtamalizana wenyewe."

Mwenyekiti naye anasema nitulie. Pacha wa getini, niliyekuwa namwogopa, hanisalimii tena, na simlaumu. Mama Pacha peke yake ndiye ananiita kama zamani, ananipa mboga za mlenda juu ya uzio, hasemi chochote. Wakati mwingine nadhani ananiamini. Wakati mwingine nadhani ananipima, anaona nitafika wapi. Mwezi uliopita nilimwambia, mbele ya mashemeji zake wote, kwamba nikifa kabla ya fidia, wadogo zangu wanajua nyumba ni ya nani. Alitikisa kichwa tu.

Fidia haijatoka. Bado analala chini ya ule ufa, ndani ya nyumba ambayo Serikali inaijua kuwa yangu, na sijapata njia ya kumrudishia.