Wageni Waliopiga Picha Dirisha Letu

Kelele za wanafunzi wa nyumba ya jirani, hapa Lewisham, tulikwisha kuzizoea. Kilichonikosesha raha ni wikiendi ile chuo chao kilipowaalika wahitimu wa zamani, mtaa ukajaa watu wa makamo waliovaa skafu za rangi moja.

Jumamosi asubuhi nilikuwa naosha vyombo nilipomwona mwanamke mwenye mvi getini kwetu. Aliinua simu, akapiga picha dirisha la chumba chetu cha kulala, akaondoka. Muda si mrefu akarudi na wanaume wawili. Mmoja akanyoosha kidole kwenye paa, wakanong'onezana.

"Mwenye nyumba anauza," nilimwambia mume wangu. "Hao ni wanunuzi."

"Wanunuzi gani wanatembea na chupa za bia?"

Nilitoka na glavu zangu zikidondosha povu.

"Niwasaidie nini?"

Mwanamke akawa mwekundu. "Samahani sana. Tuliishi hapa tulipokuwa wanafunzi. Kile kilikuwa chumba changu."

Hata tapeli huja na maneno matamu. Nikaamua kumpima. "Kabati la chini ya ngazi liko upande gani?"

"Kabati? Pale palikuwa na choo. Mlango haukufungika, tukawa tunaimba ili watu wajue kuna mtu."

Ndani ya kabati lile, nyuma ya mashine ya kufagilia, kuna bomba lililozibwa ambalo hatukuwahi kujua ni la nini.

Nilimruhusu aingie peke yake, nikamfuata hatua kwa hatua, macho yangu mikononi mwake. Chumbani hakugusa kitu. Alisimama dirishani, na muziki wa wanafunzi ukaanza kudunda huko chini bustanini.

"Jamani, hawa wana kelele!" akasema. "Mnawavumiliaje?"

Alipoondoka nilikwenda moja kwa moja kwenye droo ya pasipoti. Zote zilikuwepo. Mume wangu alinitazama nikizihesabu mara ya pili, akacheka mpaka akakaa kitandani.

"Cheka tu," nikamwambia. "Huyo ameshajua nyumba yetu yote ilivyo."

Jioni kelele za jirani zikazidi: nyimbo, vigelegele, meza ikipigwa ngumi. Nilikuwa navaa viatu niende kugomba, mlango ukabishwa. Nikaufungua kidogo, mnyororo ukiwa umefungwa. Alikuwa binti mmoja wa hapo jirani, kompyuta kwapani.

"Anti, nisamehe," akasema. "Leo si sisi. Ni wale wazee. Walikuja kusalimia tu, sasa hawataki kuondoka, na mimi nina mtihani."

Nilimwangalia vizuri usoni, maana wanafunzi hawa wameshanidanganya sana. Ndipo nikasikia kicheko cha yule mwanamke kikipanda juu ya sauti za wengine wote.

Nikafungua mnyororo. Nilimkalisha jikoni, mahali ambapo ningeweza kumwona.