Mama Mdogo na Gari la Baba

Wiki iliyopita gari langu lilinizimikia Isipingo, karibu na stendi ya teksi. Fundi aliyekuja alinikuta nimeshachomoa plagi, nazipangusa kwa upindo wa sketi. Akacheka, akauliza nani alinifundisha. Nikajibu haraka, "Baba." Nilidanganya, rafiki yangu. Baba alinifundisha namba za spana tu. Mengine yote nilifundishwa na mwanamke ambaye nilitamani arudi kwao.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Queensburgh, miaka ile ya tisini ikielekea ukingoni: baba, bibi na mimi. Mama alifariki nikiwa na miaka minane. Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kulikuwa na gari ambalo baba alilinunua bovu ujanani. Lilikuwa la Kimarekani, la zamani sana. Alilikata paa likawa fupi, akang'oa madigadi, akalipachika injini ya silinda nane na magurudumu mapana nyuma. Likinguruma, vikombe vya bibi vililia kabatini. Mama ndiye aliyelichagulia rangi, nyekundu ya nyanya iliyoiva. Alipofariki, baba alilifunika na hakuligusa tena. Bibi alishukuru. Aliliita jeneza lenye magurudumu.

Nilipofika miaka kumi, Jumamosi moja baba akavua turubai. Hakusema kwa nini, ila aliniita mimi. Kwa muda wa karibu mwaka mzima Jumamosi zikawa zangu. Kumi, kumi na mbili, kumi na tatu: spana nilizijua kuliko jedwali la kuzidisha. Harufu ya petroli ilichanganyika na ya vitunguu vya bibi jikoni, na mwalimu wangu akalalamikia grisi kwenye kucha zangu. Mimi nilizitazama kucha hizo kama bibi harusi anavyotazama hina yake.

Kisha baba akaoa. Mkewe mpya, niliyeambiwa nimwite mama mdogo, alitoka Tanga, akawa anashona nguo mjini. Bibi, ambaye wazee wake walikuja na Kiswahili chao kutoka pwani, alimpenda tangu salamu ya kwanza. "Huyu anatamka kama marehemu mama yangu," alisema, akanigeukia mimi, ambaye Kiswahili changu kilikuwa kimejaa Kiingereza na Kizulu, akatikisa kichwa. Hilo nililivumilia. Hata mkate wake wa kumimina niliuvumilia, nikala vipande vitatu kwa hasira.

Lakini Jumamosi moja alikuja uani, mikono ina unga, akasimama akasikiliza injini ikikohoa. "Silinda moja hailii," akasema. "Ya tatu."

Baba alicheka. Akachomoa waya wa plagi ya tatu: injini haikubadilika hata kidogo. Kweli silinda hiyo ilikuwa imekufa. Kumbe baba yake mama mdogo alikuwa na gereji, na yeye alikulia humo. Kuanzia siku hiyo alivaa ovaroli ya zamani ya baba, nami nikaitwa jikoni kumenya viazi. Kupitia dirishani niliwaona wameinamia kabureta, vichwa vikikaribia kugusana, wakicheka. Nilimenya viazi mpaka vikabaki kama gololi. Bibi akaniangalia. "Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," alisema. "Wivu ndio kikohozi, mjukuu wangu. Nyumba nzima inakusikia."

Siku moja kabla ya kulipeleka gari kwenye ukaguzi ili liruhusiwe barabarani, nilimsikia baba akimwambia jirani kwenye ukuta wa ua, "Bila mke wangu, hili lingebaki chini ya turubai." Sikusikia zaidi. Nilichukua mkasi wa bibi, nikaingia chini ya usukani, nikakata waya wa honi.

Jirani alilivuta gari kwa pikapu yake mpaka kituo cha ukaguzi. Breki zikapita, taa zikapita. Mkaguzi akabonyeza honi. Kimya. Akabonyeza tena, akaandika kwenye karatasi yake.

"Eish," baba akasema. "Jana ilikuwa iko sawa!" Uso wake ulinywea, nami niliyeutaka ushindi ule sikujua niuweke wapi.

Kesho yake mama mdogo aliniita uani. Alikuwa na ncha ya waya mkononi.

"Huu umekatwa na mkasi. Panya hana mkasi."

Nikaificha mikono mgongoni.

"Ulikuwa unataka nini, mwanangu?"

"Lile gari ni la mama yangu!"

Akakaa juu ya tairi la akiba. Nilidhani atanichapa. "Najua," akasema. "Kila nikifungua boneti nakutana naye. Yeye alipenda hivi, yeye alisema vile. Nami nina masikio. Unadhani mwenye wivu hapa ni wewe peke yako?"

Akanipa koleo, akanionyesha jinsi ya kumenya waya na kuusokota, tukauunganisha pamoja. Honi ikalia. "Kwa baba yako utasema mwenyewe," akasema.

Nilisema tukiwa mezani. Baba aliacha kutafuna. "Kumbe," akasema tu, na hakunisemesha siku mbili. Ningechapwa ningeona nafuu. Jumamosi iliyofuata mama mdogo aliniita tena uani, akaanza kunifundisha kuchomoa plagi na kuzisafisha.

Mara ya pili gari lilipita. Baba akaliendesha mpaka nyumbani, akatuita twende matembezi Isipingo, ufukweni. Mimi na mama mdogo tukaukimbilia mlango ule ule wa mbele, tukafika pamoja. Tukasimama tunatazamana. Hapo bibi akatoka na kanga mbili na mkoba wake, akatupita katikati, akaketi mbele, akafunga mlango. Sisi wawili tukabanana nyuma, bega kwa bega, tukitazama shingo ya baba njia nzima. Kwenye kila robot, taa za barabarani tunavyoziita huku, watu walitupigia makofi, na bibi akawapungia mkono kama malkia.

Miaka ikapita. Bibi alitangulia mbele ya haki, baba akamfuata. Gari liliuzwa kwa mtu wa mbali. Baada ya msiba wa baba, mama mdogo alirudi Tanga, na sina tena mtu wa kunisahihisha Kiswahili. Siku hizi nikiwa na wivu, humwonea yule msichana aliyebanwa kwenye kiti cha nyuma, mwenye watu wengi kiasi cha kuwagombania.