Idi ya Nje kwa Bi Kidawa

Wanaomjua Bi Kidawa wa Vickery Meadow watakubaliana nami kwamba ni mbishi. Nimeishi mlango wa pili kutoka kwake tangu alipokuja Dallas kutoka Unguja, na sijawahi kumshinda kwa lolote. Lakini nampenda, na ninayo sababu.

Alikuwa akimlea Nahla, mtoto wa mpwa wake Tasnim, muuguzi wa zamu. Nahla ana pumu. Agosti ya mwaka 2002 upepo ulikufa kabisa, moshi wa magari ukatanda juu ya barabara kuu, na televisheni ikatangaza siku ya rangi ya chungwa: hewa ni mbaya, watoto na wagonjwa wasitoke nje. Bi Kidawa akatii. Akafunga madirisha yote. Kisha, kwa kuwa kwetu nyumba iliyofungwa bila kufukizwa udi haihesabiwi kuwa safi, akawasha chetezo ili asafishe hewa ya ndani.

Jioni hiyo Nahla alikuwa hospitali, amefungwa kinyago cha oksijeni.

Bi Kidawa angeweza kusingizia hewa ya Dallas, na sote tungemwamini. Daktari alipouliza, alijibu mwenyewe, "Ni mimi. Nimechoma udi." Mimi, nawaambia kweli, ningesingizia hewa.

Tasnim hakumgombeza. Aliacha tu kumleta mtoto, na hilo lilimuuma shangazi yake kuliko matusi. Miezi ikapita, Tasnim akimbembeleza jirani huyu leo na yule kesho amshikie mtoto, hadi akachoka. Akaamua kwamba baada ya Idi Kubwa, Februari, Nahla ataenda kukaa Houston, kule Alief, kwa dada yake Mwanabaraka. Siku ya Idi yenyewe akapangiwa kazi na hakupata wa kumwachia mtoto. Akampigia simu Bi Kidawa.

"Shangazi, ni siku moja tu. Akikohoa, ni-call hapo hapo."

Februari nayo ina ubaya wake, maana chavua ya mierezi huja na upepo na nusu ya mji hupiga chafya. Bi Kidawa akafua mapazia, akatoa mazulia, akapangusa kila pembe kwa kitambaa kibichi. Udi wake wote akanipa mimi.

Na mimi nikautumia! Asubuhi ya Idi tulifika mlangoni kwake, wanawake wa mtaa mzima kama kila mwaka, nguo zimefukizwa hadi mitandio. Bi Kidawa akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Idi mubaraka. Hamwingii."

"Bi Kidawa, una nini?" akauliza Mwatumu, mwenye maneno kuliko sote.

"Mnanuka udi. Kaogeni, mbadilishe nguo, mrudi."

Nani abadilishe nguo ya Idi? Akatutolea viti, akavipanga kwenye maegesho ya magari. Tulikula biriani tumevaa makoti, upepo wa kaskazini ukitupiga, Mwatumu akilalamika kwamba tumefukuzwa kama wauza sumu ya mende. Nami nilikasirika, sifichi. Kisha nikachungulia dirishani nikamwona Nahla anaruka juu ya kochi, anaimba kwa sauti, wala hakohoi. Nikaomba biriani tena.

Tasnim alirudi na sare yake ya kazi, akashangaa kutukuta nje. Mwatumu akamkumbatia na kumshtakia yote. Tasnim akaelekea mlangoni. Bi Kidawa akamzuia naye.

"Mwatumu amekukumbatia. Vua koti."

"Shangazi, ni mwanangu!"

"Ndiyo maana. Vua."

Akavua. Akasimama kwenye ile baridi na sare nyepesi, anatetemeka, anamsikiliza mwanawe akiimba ndani. Machozi yakamtoka mbele yetu sote.

"Houston hendi, shangazi," akasema. "Kesho naingia kazini asubuhi."

"Mlete," akasema Bi Kidawa.