Programu ya matetemeko ilivyomtoa maman mu kulwari

Wakuu, salama? Haya sikuyasoma popote, yametukuta sisi wenyewe, nyumbani Bukavu, wakati wa vita.

Papa alienda Kamituga kununua dhahabu, nyuma yake barabara ikafungwa. Hakuna simu, hakuna habari. Wakati wa kuaga alimwambia maman: "Mukisikia kishindo, mulale chini mu kulwari. Musitoke inje."

Kulwari ni ile njia katikati ya vyumba. Haina dirisha, risasi hazifiki. Bukavu nzima tulijificha hivyo.

Basi siku moja ardhi ikatetemeka. Watu wa kwingine hukimbilia nje, sisi haooo, tukalala kifudifudi kama tulivyozoea! Tulipoinuka, ukuta wa kulwari ulikuwa na ufa wa kuingiza vidole.

Mimi nilikuwa assistant kwenye kituo cha utafiti wa matetemeko. Nikamwambia maman, likija lingine tutoke. Wapi! "Papa yako alisema kulwari."

Nilikasirika kweli. Halafu nikamwonea huruma, maana lile neno ndilo pekee alilobaki nalo.

Sasa kazini tulikuwa na programu moja tamu sana. Unaiambia mwamba umekatika wapi, kina gani, umeteleza kiasi gani. Yenyewe inakuchorea jinsi ardhi ya juu ilivyopanda, ilivyoshuka, ilivyosogea. Rangi zinafunguka polepole kwenye skrini: nyekundu paliposogea sana, njano, mpaka buluu ya kufifia paliposogea kidogo.

Umeme ukiwepo, lakini.

Nilikuwa naikodolea macho hadi nasahau vita. Naona vilima vinapumua, ziwa letu nalo, na sisi wote juu yake, tumebebwa.

Nikamleta maman aone. Nikamwonyesha mtaa wetu ndani ya nyekundu. Akauliza, "Na Kamituga iko wapi?"

Nikaweka kidole pembeni kabisa, kwenye buluu isiyoonekana vizuri.

"Kule pia dunia ilisogea?"

"Kidogo sana, maman."

"Basi na papa yako alisikia." Akafuta macho. "Muzee anaogopa sana nyumba ikitingisika. Angekuwa hapa, angesema tutoke."

Siku chache baadaye, maman anachambua maharagwe, ardhi ikatingisika tena. Akanishika mkono, tukatoka mbio. Ukuta wa kulwari ukaanguka pale pale tulipozoea kulala.

Barabara ilipofunguka, papa akafika kwa miguu, amekonda, ndevu tupu. Maman akamkumbatia, akamuuliza, "Ile siku ya tetemeko, mulitoka inje?"

Papa akashangaa. "Tetemeko gani? Mi sikusikia kitu."

Maman akanitazama. Akakaa chini juu ya matofali ya kulwari, akacheka mpaka akalia.

Nilichojifunza, wakuu: mimi nilimwonyesha ardhi, yeye akamwona mume wake, na hicho ndicho kilichomtoa. Mpaka leo nachora modeli, na ile buluu hafifu ya pembeni siwezi kusema ni tupu.

Na nyie, neno la nani liliwahi kuwatoa nje? Semeni hapa, nasoma zote.